Msasa Ndani ya Kabati

Jua lilikuwa linazama Bladensburg wakati Jepkosgei aliposhuka garini kwenda kuchukua brashi zake nyumbani kwa Bilha. Kazi ya siku tatu ilikuwa imemshinda, na jambo hilo lilimuudhi kuliko kumtisha. Yeye ndiye fundi ambaye Wakenya wa ughaibuni, kuanzia Wheaton hadi Greenbelt, humwita wakitaka ukuta wa kawaida uonekane jiwe, au meza ya mbao ifanane na marumaru.

Lakini kabati la Bilha lilikataa. Kila jioni alilipiga msasa, akalipaka rangi ya kijani. Kila asubuhi alilikuta jeusi, kavu, kana kwamba hajaligusa.

Bilha alimfungulia mlango. Alikuwa nesi, mjane wa Clement tangu mwaka uliopita, na siku hizi nguo zilimpwaya.

"Jep, liache tu," alinong'ona. "Sikukuambia yote. Wifi yangu Violet alipokuja kwa mazishi, alilipaka hiyo rangi nyeusi mwenyewe. Akaniambia siku itakayotoka, nami nitatoka humu ndani... nimebebwa."

"Na yeye yuko wapi?"

"Alirudi kwao, Musoma."

Jepkosgei alitaka kucheka. Ndipo akasikia.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Mtu alikuwa anapiga msasa. Polepole, kama mtu anayeijua kazi.

Ndani ya kabati.

Sebule ilijaa harufu ya rangi mbichi, na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Bilha alimshika mkono. "Twende, Jep. Tafadhali."

Lakini hasira ilimpanda Jepkosgei. Mwanamke huyu anauguza watu wa wenyewe mchana na usiku, halafu asiwe na ruhusa ya kuchagua rangi ya kabati lake?

Akaufungua mlango wa kabati kwa nguvu.

Tupu. Vumbi jeusi tu, lenye joto kama jivu.

"Niachie..." Sauti ilitoka kwenye mbao zenyewe.

"Sikuachii!" alifoka Jepkosgei. "Hapa ni kwa Bilha. Dada, shika brashi."

Walilipaka kijani pamoja, ndani na nje. Bilha alianza akilia, akaishia kuimba wimbo wa kanisani huku ameuma meno. Jepkosgei alichora mishipa myeupe ya marumaru kwa unyoya. Weusi ulichomoza mara mbili. Mara mbili wakaufunika. Haukurudi tena.

Simu ya Bilha ikalia. Akaiweka spika.

"Mmenifanya nini?" Ni Violet, analia. "Mikono yangu imekuwa kijani! Haitoki!"

Bilha alinyoosha mgongo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Sugua, wifi."

Halafu, kutoka kwenye simu...

Kwaru... kwaru... kwaru...

Jepkosgei alihisi kiganja kinamwasha. Akakitazama. Ngozi ilikuwa inachubuka, mstari kwa mstari, kwa kila mkwaruzo wa simuni, na hakuna kitu kilichoigusa.

Alikifunga kwa kitambaa, akachovya brashi kwenye kopo, akaanza kupaka tabaka la pili.