Kisomaji Kinacholinda Moyo

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, ukuta wa jiko la Tupokigwe Mwasomola ulianza kuzungumza.

Sauti ilitoka kwenye kibao chembamba cha kioo, kipana kama sinia, kilichobandikwa juu ya sinki. Hicho ndicho kilikuwa kisomaji. Usiku kucha kilikuwa kimezipitia blogu zote anazozipenda, kimekusanya kila kipya kilichoandikwa, kimekipanga, na sasa kilikuwa kinamsomea, kila mwandishi kwa sauti yake mwenyewe. Kwanza alikuja Bi Salome wa Tukuyu na habari za mashamba ya chai yanayovunwa na roboti. Akafuata mwamuzi mstaafu wa mpira, ambaye hadi leo alikuwa akibishana na penalti alizozitoa ujanani. Mwisho, kama kitindamlo, ikaja sauti ya mdogo wake, Lusajo.

"Ndege heroe wamerudi ziwani," Lusajo alisema kutoka ukutani. "Asubuhi hii maji yote yalikuwa ya waridi. Nimekaa ukingoni hadi jua likanichoma kisogo."

Tupokigwe alitabasamu, akamimina chai.

Lusajo alikuwa mwangalizi wa kituo cha kupima maji kando ya Ziwa Rukwa. Kijiji kilichokuwa jirani na kituo kilihama zamani, ziwa lilipoanza kukauka, naye akabaki na roboti za kuchukua vipimo. Aliandika karibu kila siku. Dada yake alimsikiliza karibu kila siku, kwa hiyo hakuona sababu ya kumpigia simu. Siku hizo mambo ya simu yalikuwa yamepitwa na wakati. Kumpigia mtu bila taarifa ilikuwa kama kumfungulia mlango akiwa anaoga. Ukitaka kujua hali ya ndugu yako, ulisoma blogu yake. Ukimaliza, kisomaji kilimpelekea alama kwamba umesoma na jinsi ulivyojisikia, naye akajua kwamba hayuko peke yake.

Tupokigwe alikinunua kisomaji hicho sokoni Mwanjelwa, mwaka aliofiwa na mume. Yeye mwenyewe alikuwa mhandisi wa madaraja ya jiji la Mbeya, yale madaraja marefu yanayounganisha mabonde na kubeba treni za sumaku. Kazi hiyo ilihitaji akili iliyotulia, na yake haikuwa imetulia. Kila alichokisoma kilimliza. Daktari akamshauri apumzishe moyo.

Muuzaji, kijana mpole aitwaye Ipyana, alimwonyesha aina mbili.

"Hiki cha kwanza tunakiita Kapu," alisema. "Kinakuletea kila kitu kama kilivyoandikwa. Jema, baya, vyote ndani. Hakiongezi wala hakipunguzi."

"Na hicho?"

"Hiki ni Mlezi. Kina akili unde inayokusoma na wewe pia, dada yangu. Kinasikiliza pumzi yako, mapigo ya moyo. Kikiona habari itakuumiza, kinailainisha. Kinachagua yale yatakayokufaa."

"Kinasema uongo?"

Ipyana alicheka kidogo. "Hapana. Maneno ni ya mwandishi mwenyewe. Kinachagua tu yapi yaje. Mama hampi mtoto samaki na miiba yake."

Kisha akauliza, "Ungependa kikulinde kiasi gani?"

"Kabisa," Tupokigwe alijibu. Siku ile alikuwa amechoka mno.

Na kwa kweli kilimsaidia. Alianza kulala. Alirudi kazini, akasimamia ujenzi wa daraja la Nzovwe hadi treni ya kwanza ikapita. Jirani yake, Mama Anyelwisye, mjane mwenzake aliyemzidi umri, alinunua Mlezi naye baada ya kuona nafuu ile. Karibu mtaa mzima ukafanya hivyo, na baada ya muda ukoo mzima wa Tupokigwe. Asubuhi ukipita barabarani ulisikia madirisha yote yakisoma habari njema.

Siku ya heroe, Tupokigwe alifika ofisini akamkuta mgeni akimsubiri. Alikuwa mwanamume mwenye ngozi iliyopauka kwa vumbi, ameketi wima na begi la turubai miguuni. Alijitambulisha kwa jina la Gwamaka, dereva wa gari la maji linalohudumia vituo vya Rukwa.

"Nimekuletea vitu vya Lusajo," alisema.

"Ahsante. Anahama?"

Gwamaka alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kujua kama anadhihakiwa.

"Dada, tulimzika wiki iliyopita."

Tupokigwe alishika ukingo wa meza. "Unamzungumzia nani?"

"Lusajo Mwasomola. Ndugu yako."

"Nimemsikia leo asubuhi. Ameandika kuhusu heroe."

"Rukwa hakuna heroe," Gwamaka alisema. "Waliondoka mwaka juzi. Tuliyabandika matangazo ya mazishi kwenye blogu yake hiyo hiyo, na wewe ukaweka alama kwamba umesoma. Tulikusubiri. Tulichelewesha kaburi kwa ajili yako, jua likatushinda."

Alitoa mfukoni kisomaji kidogo, Kapu la zamani lenye ufa kwenye kioo, akalisogeza mbele yake.

Ilikuwa blogu ya mdogo wake, na hakuna hata sentensi moja aliyoitambua. Lusajo alikuwa ameandika kwamba chumvi ya ziwa lililokauka imegeuka vumbi, na vumbi linapita hata kwenye mlango uliofungwa. Aliandika kwamba anakohoa. Kisha kwamba anakohoa damu. Aliandika kwamba roboti za kituo humwuliza kila jioni kama amechoka, kwa sababu ndivyo zilivyoundwa, na kwamba siku hizi huzijibu kwa kirefu.

Halafu ikaja makala fupi kuliko zote:

"Dada Tupo, najua unanisoma. Nguvu za kuendesha gari hadi barabara kuu sina tena. Njoo unichukue."

Chini yake palikuwa na alama iliyotumwa kutoka jikoni kwake: *Tupokigwe amesoma. Amefurahi.*

Alisoma iliyofuata, na iliyofuata. Chini ya kila moja alama ilikuwa ile ile.

"Nilimwambia apande gari langu nimlete hospitali," Gwamaka alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepoteza ukali. "Akakataa. Akasema, acha kwanza, dada amesoma, lazima yuko njiani. Akija asinikose."

Tupokigwe hakulia. Aliomba tu aachiwe kile kisomaji asome tena tangu mwanzo, na Gwamaka akakubali. Ndivyo alivyojua kwamba heroe wa asubuhi ile walitoka kwenye makala ya miaka iliyopita. Mlezi kilikuwa kimeweka akiba ya siku njema za Lusajo, na kila alipoandika jambo la kuumiza, kilichota humo aya moja na kumsomea dada yake badala yake. Lusajo alipoacha kuandika, kiliendelea kuchota.

Mchana huo alikwenda Mwanjelwa. Ipyana alimsikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiwa juu ya kaunta.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Pole kwa kweli."

"Ulisema hakisemi uongo."

"Maneno yote yalikuwa yake."

"Alikuwa anakufa, Ipyana!"

"Kilipima moyo wako kikaona hauwezi. Wewe mwenyewe ulisema kabisa." Hakulisema kwa ubishi, alilisema kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Kisha akatazama kisomaji kilichokuwa ukutani nyuma yake. "Hata mimi ninacho. Mama yangu amelazwa Kyela. Kila asubuhi ananiambia anaendelea vizuri."

Wote wawili walikitazama.

"Mpigie simu," Tupokigwe alisema.

Ipyana alichukua simu, akaishika. Alibaki ameishika hivyo, kidole kikiwa juu ya jina. Kisha akaiweka chini taratibu, akaanza kupanga maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

"Nitampigia baadaye," alisema bila kugeuka.

Tupokigwe alinunua Kapu. Aliporudi nyumbani alikibandua Mlezi ukutani, akabandika kipya mahali pale, akaketi kuandika kwenye blogu yake mwenyewe, ambayo tangu afiwe alikuwa hajaigusa. Aliandika kila kitu: vumbi, damu, wito, alama. Aliwasihi watu wawapigie simu ndugu zao siku hiyo hiyo, wasingoje. Alama zikaanza kuingia kwa kasi ambayo hajawahi kuiona. Bi Salome amesoma. Mwamuzi amesoma. Binamu zake wa Kyela, wa Tukuyu, wa Dodoma. Wote walikuwa wamefurahi.

Jioni Mama Anyelwisye aligonga mlango, uso umemng'aa.

"Mdogo wangu! Kumbe unajua kuandika hivi? Ulivyoeleza utoto wenu wewe na Lusajo, mlivyokuwa mnavuka mto mmeshikana mikono! Nimekisomesha kisomaji changu mara mbili."

Ilikuwa kweli alikuwa ameandika hivyo, katika sentensi moja, karibu na mwanzo.

"Mama Anyelwisye, kaa," alisema. "Lusajo amekufa."

Ilibidi arudie. Yule mama aliketi pale pale kizingitini, akavuta kanga kichwani, akaangua kilio. Ndipo Tupokigwe naye alipoweza kulia. Walilia hadi sauti zikawakauka, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba kweli inaweza kupita angalau kutoka mtu mmoja hadi mwingine, ikiwa wote wako chini ya paa moja.

"Lazima tuweke matanga," Mama Anyelwisye alisema hatimaye. "Huwezi kukaa na msiba kama umeiba. Jumamosi. Nitaandika mimi. Ukoo wenu wote wananisoma kwa sababu ya mapishi yangu. Nitaandika wazi kabisa: msiba, Lusajo, Jumamosi, nyumbani kwa dada yake."

"Hawatasikia."

"Watasikia. Neno msiba utalilainisha vipi?"

Tupokigwe alijua kwamba haitakuwa hivyo, lakini alikuwa amechoka, na kuna uchovu ambao humfanya mtu akubali tumaini la mwenzake kama anavyokubali shuka la kuazima. Akamwacha aandike.

Jumamosi walitandika mikeka uani. Walipika wali wa Kyela na ndizi, wakaweka picha ya Lusajo juu ya kiti. Walivaa kanga nyeusi, wakakaa kusubiri, Mama Anyelwisye akijisemea kwamba hata wakija watano watatosha.

Walikuja wote. Magari yanayojiendesha yalianza kuingia mtaani mapema mchana, na hata kabla halijasimama la kwanza vigelegele vilisikika. Alishuka shangazi yao mkubwa kutoka Tukuyu, aliyekuwa hajatoka nyumbani kwake kwa miaka mingi kwa sababu ya magoti. Alikuwa amevaa kitenge cha njano kinachometameta. Nyuma yake walishuka binamu na ngoma, watoto wameshika maputo, mjomba wa Dodoma akisukuma keki kwenye kigari.

Mama Anyelwisye alisimama kando ya sufuria, mwiko mkononi, mdomo wazi.

"Tupo, mwanangu!" shangazi aliita tangu getini, akicheka, mikono imejaa. "Tumesoma, tukasema hii hatukosi! Yuko wapi Lusajo mwenyewe? Nimemfumia sweta, Rukwa nasikia usiku kuna baridi."

Tupokigwe alikwenda kumpokea. Nyuma ya shangazi gari jingine lilikuwa likifunguka milango, na nyuma yake jingine, na ngoma ilikuwa imeshaanza. Aliichukua sweta, akamshika shangazi kwa mkono wa pili, akamwinamia sikioni amwambie. Na ilibidi apaaze sauti, kwa sababu ya vigelegele.