Ngamia wa Mzee Kon

Kila asubuhi, kabla jua la Lodwar halijaonyesha ukali wake, wanafunzi wa bweni walipanga foleni mbili: moja ya maji na moja ya uji. Ethuro wa darasa la saba alikuwa mtaalamu wa kusimama katika foleni zote mbili kwa wakati mmoja. Mtungi wake ulishika nafasi kwenye bomba, na yeye mwenyewe akashika nafasi jikoni. Aliyeusogeza mtungi huo alitazamwa kwa huzuni kubwa, kama mtu aliyesukuma jeneza.

Ethuro alikuwa amekwisha kuadhibiwa kwa makosa mengi ya heshima. Alimvalisha mbuzi wa mpishi tai ya kiranja mkuu. Aliongoza ibada ya mazishi ya soksi ya Dieudonné, rafiki yake wa kutoka kambi ya Kakuma, eti imefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kuadhibiwa alikujua vyema. Kusifiwa ndiko asikowahi kukuonja.

Basi mwaka ule wa 2012, Madam Akal, mwalimu wa Kiswahili, alitangaza Siku ya Mashairi. Kila mwanafunzi alete shairi la nchi jirani, na amtaje mwenye shairi. Ethuro alipewa Sudan Kusini, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka mmoja. Kazi ilikuwa nyepesi, kwa kuwa kwao ni Kakuma mjini, na kambi yenye maelfu ya watu wa Sudan Kusini iko ng'ambo tu ya mto mkavu. Likizo fupi ilipofika, Ethuro alikwenda nyumbani, akacheza mpira mpaka viatu vikaomba msamaha, akarudi shuleni mikono mitupu.

Jumatatu asubuhi, akisubiri uji, alitunga shairi mwenyewe. Akamtunga na malenga wake: Mzee Kon, kipofu wa jicho moja, mwenye ndevu hadi kifuani. Darasani alisimama, akafumba macho kama kasisi, akaghani:

*Ngamia wangu simama, mchanga wachoma chini,*
*Mto wote mchanga tu, maji hayako shimoni.*

Madam Akal, mzaliwa wa Kalokol kando ya ziwa, alitikisa kichwa polepole kwa kuridhika. Alisema kwamba kwa miaka mingi amemsubiri Ethuro afanye jambo kama hilo, na kwamba yeye ndiye atakayefungua Siku ya Mashairi mbele ya wazazi. Ethuro alihisi kitu cha joto kifuani. Alikaa chini bila kufanya mzaha wowote, jambo lililowatia wenzake wasiwasi.

Ni Dieudonné peke yake aliyemtazama kwa pembe ya jicho.

"Weye, huyu mzee anaishi wapi pale kambini?" alinong'ona. "Mi sijamusikia hata siku moja."

Balaa halikukawia. Madam Akal alikuwa na mkutano wa walimu Kakuma Jumamosi ile. Akasema atamchukua Ethuro katika gari la misheni, ili wakamsalimie Mzee Kon na kurekodi sauti yake kwa simu.

Usingizi ulimpaa Ethuro. Hakuogopa kiboko; kiboko na yeye walikuwa wakifahamiana. Aliogopa uso wa Madam Akal siku atakapojua. Mwishowe alimfunulia Dieudonné kila kitu. Dieudonné alicheka hadi akashika mbavu, kisha akamwelekeza kwa jirani wa mama yake kambini, mwanamke Mdinka wa Sudan Kusini aitwaye Akuol, mdarizi wa shuka. Huyo, alisema, anajua nyimbo za kwao kuliko redio.

Safari nzima Ethuro alitazama nje ya dirisha huku akimuua Mzee Kon. Kwanza alimuua kwa malaria, halafu kwa nyoka. Alipoona vibanda vya kwanza vya Kakuma, aliamua kwamba uzee ndio unaofaa zaidi, kwa sababu hauachi maswali. Madam Akal alimwacha aende kumtafuta malenga, akaahidi kuwafuata baada ya mkutano.

Akuol alikuwa ameketi kivulini mbele ya nyumba yake, shuka jeupe limemfunika magoti, akidarizi ndege wa buluu. Ethuro alimwamkia, akamwelezea shida yake, kisha akatoa ombi lake kwa adabu zote. Mama aseme tu kwamba Mzee Kon alikuwa mjomba wake, na amefariki juzi.

"Hiyo shairi yake inasema nini?" Akuol aliuliza.

Ethuro akaghani. Sindano ikasimama hewani.

"Ngamia?" Akuol alianza kucheka. "Kwetu ngamia atazama mpaka nundu. Wewe mtoto, hii ngamia umetoa wapi?"

Akamweleza, huku akicheka bado, kwamba kwao mto haukauki. Mvua ikija, mto ndio hutoka kuwafukuza watu. Nyasi zote hugeuka maji, watu huhamisha ng'ombe hadi kwenye ardhi iliyoinuka, huwasha moto wa samadi kufukuza mbu, na asubuhi vijana huamka weupe kwa majivu. Ethuro alisikiliza mdomo wazi. Shairi lake lote lilikuwa limejaa Turkana, kwao mwenyewe.

Kisha kicheko cha Akuol kikaisha.

"Unataka nililie mtu hakuzaliwa," alisema taratibu. "Mimi niko na wangu wa kulia."

Alikuwa na kaka, Dau. Walipotezana vitani alipokuwa msichana, na hadi leo hajui kama yu hai. Kitu pekee cha Dau alichokimbia nacho ni wimbo. Kwao kijana hupewa ng'ombe dume wake, humtungia wimbo, na watu humwita kijana kwa jina la dume huyo. Akuol aliweka sindano chini, akaimba wimbo wa dume wa Dau kwa Kidinka kwa sauti ya chini, kisha akamgeuzia maneno kwa Kiswahili:

*Malual, mwekundu kama udongo wa mto uliojaa,*
*pembe zako zimefungua anga kama mikono ya mama.*
*Maji yajapo usiku, naisikia kengele yako,*
*najua nyumbani ni pale uliposimama.*

Ethuro alipoinua macho, Madam Akal alikuwa amesimama nyuma yake, simu mkononi.

"Ejok, mama," alimsalimu Akuol kwa Kiturkana, kwa furaha. "Na Mzee Kon yuko wapi?"

Akuol aliinamisha uso, akarudi kwa ndege wake wa buluu. Uongo wote ulikuwa tayari mdomoni mwa Ethuro, uzee na mazishi yake, lakini baada ya wimbo ule ulikuwa na ladha ya mchanga.

"Hakuna Mzee Kon, Madam," alisema. "Nilimtunga kwenye foleni ya uji."

Madam Akal alikaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Alimwomba Akuol, kama hatajali, auimbe wimbo ule tena. Uliporudiwa, macho ya mwalimu yalilowa.

"Babu yangu aliitwa Apaloreng," alisema. "Baba wa Mwekundu, kwa sababu ya dume lake. Naye alilitungia wimbo." Akamgeukia Ethuro. "Niliposikia ngamia wako, nilifurahi kwa kuwa nilijiona mwenyewe. Sikuuliza. Wewe ulidanganya, na mimi nikapenda kudanganywa. Nchi ya mtu haibuniwi, Ethuro. Unabisha hodi, unakaa, unamsikiliza mshairi wake. Hapo ndipo unajua mnapotofautiana, na hata mnapofanana."

Adhabu ilikuwa kuosha sufuria za uji hadi muhula uishe. Ethuro aliikubali kwa unyenyekevu. Kisha akamwuliza Akuol kama angemruhusu kuupeleka wimbo ule Lodwar.

"Mimi nikitaka kutoka hapa natafuta kibali," Akuol alijibu. "Wimbo hauulizwi kibali. Lakini sema mwenye wimbo ni nani."

Siku ya Mashairi, Ethuro alisimama mbele ya wazazi macho yakiwa wazi. Alisema kwamba wimbo huu ni wa Dau, umetunzwa na dada yake Akuol aliye Kakuma, na kwamba yeye ni mbebaji tu. Akaughani. Watu walipiga makofi, na Dieudonné akapiga mluzi uliomwamsha mgeni wa heshima.

Madam Akal, aliyekuwa ameinua simu muda wote, aliiweka sikioni na kusikiliza. Akatabasamu.

"Ethuro," aliita. "Mama Akuol yuko kwenye simu toka Kakuma, anasema umesahau mstari wa pembe. Rudia."

Ethuro akakohoa kidogo, akaanza tena tangu mwanzo.