Tuisheni ya Chiriku

Mama mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani, ni mbishi. Binti yake wa darasa la nne alipopata alama mbaya za hesabu, alimwandikisha tuisheni jioni hiyo hiyo. Alama zikashuka. Akaongeza tuisheni ya Jumamosi. Zikashuka tena! Ungedhani hapo angejiuliza. Wapi! Alianza kutafuta ya Jumapili.

Binti huyo tunamwita Chiriku, kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno. Lakini siku hizo alirudi nyumbani jua limezama, hasemi kitu. Alisinzia tonge likiwa mkononi.

"Mke wangu, huyu ni mtoto au punda?" aliuliza baba yake, ambaye ni kinyozi.

"Watoto wa mtaa mzima wanakwenda," mama alijibu. "Unataka wetu abaki nyuma?"

Asubuhi moja Chiriku aligoma. Alikaa kizingitini na sare yake.

"Mama, shule sitaki tena," alisema. "Mimi sina akili."

Maneno hayo yalimchoma mama. Lakini badala ya kumbembeleza, alipandwa na hasira. Alimshika mkono, mguu mosi mguu pili, hadi kwa mwalimu wa darasa.

"Mwalimu, nimechoka! Tuisheni nalipia, naye haelewi. Nifanye nini zaidi?"

Mwalimu alimgeukia Chiriku. "Kumi na mbili gawanya kwa tatu?"

"Nne," Chiriku alijibu papo hapo.

Mwalimu akaandika ubaoni: *Mama ana mayai kumi na mawili. Anawagawia watoto watatu sawasawa. Kila mtoto atapata mayai mangapi?*

"Soma, kisha ujibu."

Chiriku alitupia ubao jicho. "Thelathini na sita."

"Thelathini na sita!" mama alimaka. "Mayai yametaga mayai?"

Machozi yalimlenga Chiriku. "Kule tuisheni tumeambiwa, ukiona neno 'kila', zidisha. Tuko wengi, mama. Hakuna muda wa kusoma swali lote."

"Hesabu anaijua," mwalimu alisema. "Anachokosa ni kusoma na kuelewa. Wewe umenunua dawa kabla ya kujua ugonjwa."

"Kwa hiyo tuisheni zote hazina maana?"

"Hapana. Tuisheni inafaa ikiwa watoto ni wachache na anayefundisha anajua mtoto amekwama wapi. Tena mtoto abaki na muda wa kucheza na kulala. Hivi wewe, wateja wako wote unawashonea kwa kipimo kimoja?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi. Jioni akusomee hadithi fupi kwa sauti. Kisha akueleze kwa maneno yake mwenyewe."

"Mimi na kazi zangu hizi, nitafundisha saa ngapi?"

"Usifundishe. Sikiliza tu, na uulize, 'Halafu ikawaje?'"

Mama alirudi akinung'unika njia nzima. Hata hivyo, alimwachisha Chiriku tuisheni. Sasa Chiriku akitoka shule alicheza, akala, kisha akasoma kando ya cherehani. Mwanzoni alisoma kwa kukwamakwama, na mama alijiuma ulimi asimkemee. Asipoelewa, walirudi nyuma wakasoma tena. Jioni moja mama alisimamisha cherehani kabisa, maana alitaka kusikia mwisho wa hadithi. Baada ya hapo, Chiriku alikwenda kulala mapema.

Muhula uliofuata alama zilipanda. Chiriku hakuwa wa kwanza, lakini alifaulu. Asubuhi sasa alitangulia mwenyewe kwenda shule, bila kuamshwa mara mbili.

Jirani mmoja alisikia, akaja mbio.

"Mama Chiriku, usinifiche! Umempeleka tuisheni ipi?"

"Nimempeleka kulala," mama alijibu.