Mbuzi Chini ya Landrova

Asubuhi ile Wilhelmina alimaliza kukamua, akasali rozari yake kwenye mlango wa zizi kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha. Njia ya kutoka kwake hadi barabara ya Kisesa ilikuwa tope jeusi tupu, lile la mbugani, linaloshika mguu na kubaki na kiatu. Mwaka uliopita pamba yake ililowa njiani humo juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mwaka huu mkwe wake, Selina, alikuwa mjamzito. Kila mtu pale nyumbani aliitazama ile njia kwa hofu, bila kusema.

Mwanawe Machibya, mume wa Selina, yeye alisema. Alisema kila siku.

"Mayu, tununue gari." Nyumbani walimwita mayu, yaani mama. "Biashara zimefunguliwa, si ushirika peke yake tena. Wanunuzi wa pamba siku hizi ni wengi, na mwenye gari la kupita kwenye tope ndiye anayefika kwanza. Selina naye akishikwa na uchungu, tutampeleka na nini? Na mkokoteni?"

Wilhelmina hakukataa. Alijua mwanawe anasema kweli. Lakini gari lingenunuliwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wale waliachwa na marehemu mumewe, Mihayo. Hao ndio walikuwa ada za shule, dawa na mahari. Wakitoka zizini kwa kitu kibovu, basi, nyumba imekwisha.

Kabla jua halijawa kali, gari lenyewe, lile Machibya aliloliulizia, likaja. Lilikuwa Landrova ya zamani, ndefu, imepakwa rangi ya kijani iliyong'aa. Lilinguruma mpaka kuku wakakimbia. Aliyeliendesha alikuwa Chenge, mfanyabiashara wa Kirumba, mtu wa tabasamu pana na maneno laini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekaribia. Mama, mimi na wewe ni watu wa sala. Siwezi kumuuzia mjane kitu kibaya. Mungu ananiona."

Wilhelmina akamtazama. Alimwomba Mungu kila siku, lakini hakupenda mtu amtaje Mungu kabla hajaulizwa kitu. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto.

"Gari zuri hivi, linakulisha. Kwa nini unaliuza?"

"Nataka kununua lori, mama."

"Lilikuwa linabeba nini?"

"Lilikuwa la mradi wa visima. Wazungu walilitunza kama mtoto. Fundi wangu wa Kirumba keshalipima, ni zima kabisa."

"Fundi wako ni wako," Wilhelmina alisema taratibu.

Machibya alilizunguka lile gari akilipigapiga ubavuni. "Mayu, sikiliza sauti hiyo! Tazama kimo! Tazama ngozi!" Alikuwa anachagua gari kama mtu anayemtazama dume la ng'ombe kwa mbali.

Chenge hakutazama kwa mbali. Aliingia zizini, akawafungua ng'ombe midomo na kuhesabu meno. Akainama akashika viwele. Akainua kwato. Mmoja aliyechechemea kidogo akamkataa. Akawachagua mitamba wenye mimba, tena wale wazuri zaidi.

Wilhelmina alisimama na rozari mkononi, akimfuata kwa macho. Moyo wake ukawa mzito. Huyu mtu anajua kununua, aliwaza. Mbona hataki sisi tujue?

Ndipo Selina akacheka pale uani. "Mayu, njoo uone! Mbuzi wako anataka lifti!"

Mbuzi jike wa madoadoa alikuwa ameingia chini ya Landrova. Alikuwa ameinua shingo, analamba chuma kwa bidii. Mwingine akaja, naye akaingia.

"Labda kapenda rangi," Machibya akasema, na wote wakacheka. Chenge alicheka kuliko wote, kisha akapiga makofi kuwafukuza mbuzi. Hawakutoka.

Wilhelmina hakucheka. Alikuwa amefuga tangu utotoni. Alijua ng'ombe na mbuzi wanavyoyafuata magadi, na alijua mbuzi hawezi kulamba chuma kwa kupenda chuma. Akakunja kanga yake, akapiga magoti kwenye tope, akapenyeza mkono chini ya gari. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye tundu. Akachovya kidole, akakionja.

"Machibya, njoo uonje."

"Mayu! Mbele ya mgeni?"

"Onja."

Machibya akaonja. Tabasamu likamtoka. "Chumvi."

"Baba Chenge," mama akauliza, "visima vya Wazungu vilikuwa na chumvi?"

"Ni... ni vumbi la barabarani hilo, mama. Sikilizeni, Nyegezi kuna mteja ananisubiri. Kama hamtaki semeni."

Machibya akamsogelea mama yake. "Mayu, unaniaibisha. Nimeshampa neno."

"Neno lako nitalibeba mimi, nikaombe radhi. Ng'ombe wa baba yako wakipotea, hilo sitaweza kulibeba." Kisha akamgeukia mgeni. "Baba, wewe umewafungua ng'ombe wangu midomo na kuwainamia mpaka kwato. Sikukukataza. Na mimi gari lako litainamiwa. Selina, mwite Mzee Projest."

Mzee Projest alikuwa jirani yao, Mhaya aliyeendesha na kutengeneza magari ya misheni kwa miaka mingi. Alikuja na nyundo ndogo mfukoni.

"Ninyi Wasukuma," alitania, "mnanunua gari, mnaniita mimi mla ndizi?"

"Kabla hujainama," Wilhelmina akamwambia, "niambie kweli. Huyu mtu unamfahamu? Amekupa chochote?"

Mzee Projest hakukasirika. "Umeuliza vizuri, mama. Kila mnunuzi amuulize fundi wake hivyo. Simfahamu. Wala usiniamini mdomo, njoo uone kwa macho."

Akalala chali juu ya gunia. Mama na Machibya wakachuchumaa pembeni.

"Bodi ya Landrova nyingi ni bati jepesi lisiloshika kutu kama chuma. Ndiyo maana juu inaonekana mpya. Lakini tazameni vyuma hivi viwili virefu chini. Hii inaitwa chesisi. Ni mifupa ya gari. Kila kitu kimekaa juu yake. Na hii ni chuma, inaliwa na kutu. Sasa sikilizeni."

Akagonga mbele kwa nyundo. *Ng'a! Ng'a!* Akasogea katikati. *Ng'a!* Akafika nyuma. *Bupu.*

"Umesikia, mama?"

"Imelia kama kibuyu."

Akagonga tena kidogo. Rangi nyeusi mpya ikabanduka, na nyundo ikazama. Ndani kulikuwa na puti, ule udongo mafundi wanaozibia matundu ya bodi, na chini ya puti kipande cha kopo. Machibya akaliona kopo, akafunika mdomo.

"Gari hili lilibeba samaki wa chumvi," Mzee Projest alisema. "Maji ya chumvi yanaingia ndani ya chesisi na kukaa humo. Unaosha juu, chini linaendelea kuliwa. Ukilipakia pamba au watu, likaruka kwenye shimo, linavunjika mgongo. Usukani haukusikii tena."

Machibya alimtazama Selina, aliyesimama ameshika tumbo lake.

"Lilibeba sangara kidogo tu," Chenge akanong'ona. "Kila gari la zamani lina kutu."

"Kweli," mzee akajibu. "Kutu ya juu inasuguliwa na kupakwa rangi. Hii imekula mfupa. Ungesema mapema, angelinunua anayetaka spea."

Chenge akapanda gari lake. Hakuaga. Mbuzi wawili walilifuata mpaka kwenye mti wa langoni.

Jioni hiyo Mzee Projest alibaki kunywa uji nao, lakini Machibya hakuugusa wake. Wilhelmina akamsogezea bakuli. "Gari tunalihitaji bado," akasema. "Mzee Projest, tufundishe."

Naye akawafundisha. Nenda asubuhi na mapema, gusa boneti. Iwe baridi. Injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wake. Liwashe mwenyewe, simama nyuma utazame moshi. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake injini inakula oili. Ingia chini kwanza, rangi baadaye. Ukiona chini pamepakwa rangi jana, jiulize kwa nini. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya kwenye kadi, na uhakikishe anayeuza ndiye mwenye kadi.

"Na nitajuaje kama linavuta kwa magurudumu yote manne?" Machibya akauliza.

"Usiambiwe, lijaribu. Wengine hung'oa shafti ya mbele, chuma kinachozungusha magurudumu ya mbele, ili gari lile mafuta kidogo. Liingize kwenye tope, vuta ule mkono mdogo wa gia, mwenzako asimame pembeni atazame. Gurudumu la mbele likizunguka na kuvuta, ni la kweli. Likikaa tu kama jiwe, umeuziwa jina."

Waliyakataa magari mengine kabla ya kulipata lao. Lilikuwa la Antoni, mwenye duka wa Nyegezi. Landrova lenyewe lilikuwa baya kutazama: rangi imepauka, mlango mmoja bluu, mwingine kijivu. Walifika alfajiri, wameshuka kwenye lori la mchanga pamoja na Mzee Projest na mbuzi wa madoadoa aliyefungwa kamba.

Antoni akashangaa. "Shikamoo, mama. Sasa mbuzi wa nini?"

"Marahaba. Huyu ni fundi wangu wa pili."

Boneti ilikuwa baridi. Moshi ulitoka mweupe kidogo, ukaisha. Machibya mwenyewe alilala chini na nyundo, na chesisi ikalia *ng'a* kutoka mbele hadi nyuma. Namba zilikubaliana. Wakalipeleka bondeni kwenye tope, na magurudumu ya mbele yakavuta mpaka Mzee Projest akapiga kigelegele kama mwanamke. Mwisho Wilhelmina akamwachia mbuzi. Mbuzi akanusa chini ya gari, akapiga chafya, akaenda kula majani.

"Haya," mama akasema. "Sasa tuongee."

Mitamba wenye mimba hawakuguswa. Walitoka madume tu.

Mvua kubwa zilipokuja, Selina alishikwa na uchungu mchana, wakati njia imegeuka mto wa tope. Machibya alivuta ule mkono mdogo wa gia. Wilhelmina alikaa nyuma, amemkumbatia mkwe wake, akisali kwa sauti. Gari likayumba, likanguruma, likapita. Walifika hospitali na mtoto akazaliwa salama, wa kike. Wakamwita Wilhelmina.

Na mbuzi wa madoadoa hakuchinjwa Krismasi ile, wala iliyofuata. Jirani yeyote aliyetaka kununua gari alikuja kumwazima.