Shusha Visigino

Siku ile ilianza kama siku yoyote ya kuhama. Mimi nilikuwa jikoni nafunga vikombe kwa magazeti, binti yangu wa mwisho anakunja mapazia sebuleni. Nyumba yake ilishapata mnunuzi. Ilibaki mpimaji aje apime vyumba, ichorwe ramani, mwanangu atie sahihi. Na aliyemsukuma auze ni mimi.

Mjukuu wangu, binti yake wa pekee, alifia humo kwa homa ya siku tatu. Alikuwa na miaka minne. Tulimwita Kisigino, kwa sababu ya wizi wake. Kila mwezi mama yake alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha kulala, amchoree alama ya penseli usawa wa utosi, naye mtoto ananyanyuka kwa vidole kama jogoo anayetaka kuwika.

"Shusha visigino, mwizi wewe!"

"Nimeshusha, mama. Ndiyo nimekua hivyo."

Nami huku nacheka: "Mwache mke mwenzangu arefuke, aje anishushie sufuria za juu."

Alama ya mwisho ilikuwa sentimita tisini na nane. Kwa miaka miwili mwanangu alipita mlango ule akiugusa mwimo kama mtu anayegusa paji la mgonjwa. Usingizi ulimhama. Mumewe akashindwa na ule ukimya, akaenda zake. Ndiyo maana nikasema, uza.

Mpimaji alifika saa nne asubuhi. Mtu mzima, mcheshi, ana kimashine cha leza kidogo kama simu, na stendi ya miguu mitatu.

"Tepu umeisahau kwa mkeo, baba?" nikamtania.

"Ipo mkobani, bibi, inapumzika. Hiki kinatupa mwanga, unagonga ukuta, unarudi na jibu. Hakijui kudanganya."

Akapima sebule, akapima jiko. Kila mahali doa jekundu lilitua ukutani na namba zikatokea. Kisha akasimamisha stendi mwanzo wa korido, akaelekeza mwanga ukuta wa mwisho. Akasoma. Akafuta kioo kwa shati. Akasoma tena.

"Mita nne na kumi. Korido hii inapita sita."

"Labda kimelewa."

Hakucheka. Alikuwa anatazama ule ukuta. Doa jekundu halikuwepo pale. Halikuwepo popote.

Akatoa tepu, nikamshikia ncha. Mita sita na arobaini. Tukatafuta nne na kumi inaangukia wapi. Iliangukia mbele ya mwimo wa chumba cha kulala. Hewa tupu.

Stendi ile hupanda na kushuka. Akaipandisha kidogo kidogo. Nne na kumi. Nne na kumi. Ghafla doa likaruka, likatua ukutani. Akapima kimo kutoka sakafuni.

"Mia na kumi na mbili," akanong'ona. "Kinachozuia kinaishia hapo."

Moyo wangu ukashuka mahali pake. Alama ya mwisho ni tisini na nane, nikajiambia. Si yeye. Nikageuka. Mwanangu alikuwa nyuma yetu, pazia mkononi, midomo inahesabu.

"Angekuwa na miaka sita sasa," akasema.

Pazia likamponyoka.

Mpimaji alitaka kuhakikisha. Hakugusa stendi, alibonyeza tu. Doa likatoweka ukutani. Nne na kumi. Akapandisha. Mia na kumi na tatu. Na nne. Na tano. Bado halipiti.

Kile kitu kilikuwa kinarefuka.

Mpimaji akarudi nyuma. Mwanangu akasogea mbele. Alipiga magoti kwenye sakafu, akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili:

"Shusha visigino."

Doa likatua ukutani.

Akaomba penseli ya mpimaji, akachora alama mpya kwenye mwimo, mia na kumi na mbili. Kisha akanitazama. "Mama, siuzi."

Hapo sijui kama nilikosea au nilimwokoa. Nilimwambia wafu wana kwao na sisi tuna kwetu. Nilimwambia atazeeka amekaa koridoni anaongea na ukuta. Alipokataa, nikamtishia kumnyima radhi yangu. Mtoto wa watu akatia sahihi. Akatoka bila kuangalia nyuma, maana hata hilo nilimkataza.

Nyumba ikabomolewa. Siku hizi mwanangu analala. Anakula. Juzi nilimsikia anacheka.

Miezi minane ilipopita, mpimaji akaja kwangu mwanangu akiwa kazini. Hakukubali kiti. Alikuwa ametumwa kukipima kiwanja.

"Bibi, hakuna ukuta. Hakuna mlango. Nikaweka kimashine palepale, nikaelekeza kwenye uzio. Nne na kumi."

"Kimo?"

"Mia na kumi na sita. Halafu kikaanza kupanda. Nikasema yale maneno ya dada." Akafungua mkoba. "Hakushusha, bibi. Nilisema mara tatu. Nadhani anamsubiri mwenyewe."

Akaniachia kipande cha mwimo alichokiokota kwenye kifusi, amekifunga kwa gazeti. Nimekificha chini ya kitanda changu. Mwanangu hajui, na sijui nitamwambia kwa mdomo gani.

Tisini na nane ipo. Mia na kumi na mbili ipo, kwa mkono wa mwanangu, imenyooka. Juu yake, kama vidole viwili hivi, ipo nyingine. Mstari mwembamba, umepinda, kama wa mtu anayejipima peke yake.