Gari la Ndugu Wasiosemezana

Jamaa zangu, kaeni kitako niwape kisa hiki, na mwenye nduguye aliyemnunia asogee karibu zaidi, maana nitamtazama usoni. Mimi ni Sikuzani, mkunga wa hapa Mlingotini. Nimewazalisha mama zenu, na baadhi yenu nimewapokea kwa mikono hii hii, basi nikisema kwa ukali msinikasirikie. Ukali wangu ni mapenzi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Somoe. Vita vya pili vya Wajerumani vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na mumewe, Mzee Sadallah, alikwisha kutangulia mbele ya haki. Alimwachia watoto watatu: Alawi mkubwa, Pazi wa pili, na Mina kitinda mimba. Aliwaachia pia gari kuukuu, mbele lina kioo na usukani, nyuma lina bodi ya mbao ya kupakia nazi na abiria wa kwenda mjini Bagamoyo. Nyumba ile ilikuwa raha kuitazama. Asubuhi Bi Somoe anachoma vitumbua uani, Alawi anapangusa kioo, Pazi anazungusha hendeli ya kuwashia injini, Mina anawacheka wote wawili. Gari likishika moto, linakwenda kwa sauti moja mpaka mjini. Tulikuwa tukisema nyumba hii imebarikiwa.

Halafu kikaingia kichwa cha samaki.

Msicheke! Siku hiyo Bi Somoe alipika changu wa nazi, na nyote mnajua kichwa ni cha mkubwa. Alawi alichelewa kutoka msikitini. Pazi njaa ilimzidi, akakila kile kichwa, akafyonza mpaka mifupa. Alawi alipofunua kawa akakuta mkia.

"Umenivunjia heshima," akasema.

"Kumbe heshima yako inakaa kwenye kichwa cha samaki?" Pazi akajibu.

La haula! Neno likazaa neno, na tangu siku ile wakaacha kusemezana.

Masika yakaja, yakaisha, bado wamenuniana. Wanakula sinia moja, huyu katazama mlango, yule katazama dari. "Mama, mwambie huyo asogeze chumvi." Mama asipokuwapo walimtuma paka. Wallahi, nimesikia kwa masikio yangu: "Ewe paka, mwambie mwenzio gari halina maji." Paka akainuka akaenda zake jikoni kulala. Watu wakacheka, na mnuno ukichekewa hunenepa.

Gari wakagawana wiki kwa wiki ili wasikutane. Hapo ndipo gari nalo likaanza kuugua. Wiki ya Alawi linakohoa, linarudisha moto kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na upepo, paf! paf! Wiki ya Pazi linafuka moshi mweusi mpaka kuku wanakimbia. Wiki zote linatetemeka, abiria wanashuka viuno vinawauma. Na kila mmoja anamwambia mama yake, "Mwambie mwanao ameliua gari la baba."

Nikamwambia Bi Somoe, "Wakalishe chini hawa."

"Nikimsema mkubwa, ananuna. Nikimsema mdogo, anasusa chakula," akasema. "Nifanye nini, shoga yangu? Wote nimewazaa kwa uchungu mmoja."

Nilimwonea huruma, maana alikuwa amekonda.

Katika hali hiyo Mina, aliyekuwa ameolewa, akarudi kwao kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Mumewe alikuwa kwenye vibarua vya mkonge huko Tanga. Uchungu ukamshika, nikawa naye tangu alfajiri. Jua lilipopanda nikampapasa tumbo, nikapapasa tena, moyo ukanishuka. Mtoto alikuwa amelala mkingamo, hana njia ya kutokea. Nikatoka nje nikawaambia kaka zake, "Hii imenishinda. Apelekwe hospitali Bagamoyo sasa hivi. Tukichelewa, tutazika wawili."

Hakuna aliyebisha. Ilikuwa wiki ya Alawi, akashika usukani. Pazi akazungusha hendeli, kisha akapanda nyuma kwenye bodi, tulipomlaza Mina juu ya godoro. Bi Somoe miguu ilikuwa imemvimba, akabaki kwenye msala anamlilia Mola wake.

Hatujafika hata Kaole, kwenye mchanga mtupu pasipo nyumba wala mtu, gari likatetemeka, likakohoa, likazimika.

Alawi akashuka, akafunua boneti. Pazi akashuka. Wakasimama, huyu upande huu, yule upande ule. Kisha Alawi akamgeukia Mina, mtoto wa watu anauma kanga kwa uchungu, akasema, "Mina, mwambie huyo azungushe hendeli."

Pazi naye, "Mina, mwambie huyo sizungushi gari aliloliharibu mwenyewe."

Yarabi! Nilitaka kuruka niwazabe makofi, lakini Mina alinitangulia. Alijiinua kwa kiwiko, jasho linamtiririka.

"Mimi nakufa," akasema. "Mnanisikia? Nakufa, na nyinyi mnanituma! Mkishanizika mtamtuma nani? Alawi! Pazi! Semezaneni, la sivyo nishusheni nifie hapa mchangani, nisiwaone."

Pazi akaiinamia injini.

"Kaka," akasema. Kisha akaonyesha kwa kidole. "Kaka Alawi, pale kabureta inaposhikana na injini, gasketi imechanika. Inavuta upepo. Mimi huwa nafunga kitambaa nilichokipaka sabuni."

Alawi akashika kichwa. "Kile kitambaa! Mimi nilidhani ni uchafu wako. Kila nikipokea gari nakitupa. Likianza kukohoa, naifungua skrubu ya petroli ili linywe zaidi."

"Ndiyo maana! Mimi nikirudisha kitambaa, petroli inakuwa nyingi, linafuka moshi. Basi naifunga ile skrubu."

"Na mimi naifungua."

Wakatazamana. Jamaa zangu, ugonjwa wote ulikuwa huo! Kipande cha gasketi, kizibo cha kutengenezwa asubuhi moja, wamekizungukia miezi, kila mmoja analitapisha gari dawa aliyolinywesha mwenziwe.

Wakaingia kazini kama watu wanaozima moto. Pazi akafungua plagi zote nne, zimejaa masizi tititi, akazikwangua kwa kisu. Alawi akavua kubadhi lake la kwendea Ijumaa, la ngozi nzuri, akalikata bila kulitazama mara mbili, akatoboa matundu, ikawa gasketi. Wakafunga kabureta. Pazi akazungusha hendeli, gari likashika, lakini lilikuwa linachechemea bado.

Ndipo nilipoona kwamba kazi ile haifanywi na watu walionuniana. Alawi alikaa ndani, mguu kwenye mafuta, anasikiliza. Pazi aligusisha bisibisi ya mpini wa mti kwenye plagi moja moja, aizime kidogo. Ukizima plagi nzima, gari linadhoofika. Ukizima mbovu, halibadiliki kitu, maana haikuwa inafanya kazi tangu mwanzo.

"Ya kwanza, kaka?"

"Limeshuka!"

"Hii?"

"Limeshuka!"

"Na hii?"

"Halijabadilika. Ndiyo hiyo, mdogo wangu, ndiyo hiyo!"

Wakaifungua, wakaikwangua upya mpaka ikang'aa, wakairudisha. Kisha ikabaki skrubu ya petroli. Huyu anazungusha, yule anasikiliza: "Funga. Funga tena. Umepitiliza, rudi kidogo. Hapo hapo!"

Gari likatulia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Mina, machozi yananitoka, nikasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa wala sikuona haya.

Wakaenda wamekaa pamoja mbele, Alawi mguu mmoja peku, na njia nzima nawasikia: "Shimo hilo, kaka." "Nimeliona." Tulipofika, daktari na wauguzi wakamchukua Mina ndani, mlango ukafungwa. Wale ndugu wakakaa ukutani bega kwa bega. Ilikuwa hivyo mpaka adhuhuri ikapita. Mina alimwaga damu nyingi, lakini Mungu si Athumani. Tukasikia mtoto analia, na muuguzi akatuambia mama naye mzima.

Baba wa mtoto yuko Tanga, basi aadhini nani? Alawi ndiye mkubwa, akampokea mtoto wa kiume, akamwadhinia sikio la kulia. Alipomaliza, akamkabidhi Pazi.

"La kushoto kimu wewe," akamwambia.

Pazi akakimu, akamsomea ikama sikioni huku analia, maneno yanakatika, anayaunga. Na mimi, mkunga niliyeona watoto wengi wakiingia duniani, sijapata kuona mtoto aliyetulia vile.

FUNZO

Sikilizeni sasa, maana kisa nimewapa bure lakini funzo ni deni lenu. Ndugu kugombana si ajabu, hata ulimi na meno hugombana, na vinalala kinywa kimoja. Ajabu ni kunyamaziana. Gasketi ilichanika yenyewe kwa uzee, hakuna aliyekosa. Kilichotaka kumuua Mina ni ukimya wa watu wawili wenye akili, ambao kila mmoja alijua nusu ya ugonjwa na alikataa kumpa mwenziwe. Mnuno haumli aliyenuna peke yake. Unamla mama anayetumwa huku na huku, unamla dada, unamfuata hata mtoto ambaye hajazaliwa.

Nanyi wenye watoto, msikubali kuwa matarishi wao. Mtoto akikwambia "mwambie huyo," mjibu, "Huyo ana jina, na wewe una mdomo."

Na wewe unayeinamisha uso hapo mbele yangu, nimekuona. Usimtume mtu, wala usingoje Idi. Inuka, nenda mlangoni kwake, mwite. Likikushinda neno la pili, hilo la kwanza linatosha.