Chumvi Ndani ya Pampu

Pikapu nyeupe ilitoka Shimoni saa mbili na robo asubuhi, makasha sita ya samaki mgongoni, maji ya barafu yakidondoka njia nzima.

Kitheka Muindi aliiacha itangulie. Akahesabu hadi ishirini. Kisha akaitia gea Peugeot 504 yake na kuifuata.

Kwapani, bastola ya Browning. Kitini, redio ya Motorola iliyofunikwa gazeti. Na chini ya kasha la tatu, chombo kidogo cha sumaku alichokibandika alfajiri, alipojifanya mnunuzi wa changu pale wanaposhushia samaki, kilikuwa kikimletea ishara. Ti, ti, ti.

"Pweza, Pweza, hapa Kituo."

"Pweza anasikia."

"Mzigo uko wapi?"

"Unakaribia barabara kuu. Dereva peke yake."

"Kesho ni Maulidi, Pweza. Nayataka majina kabla ya jua kuchwa."

Alikuwa Bi Mwanapili, mkuu wa ofisi ya ujasusi ya Mombasa, mwanamke asiyerudia neno. Majina aliyoyataka ni ya wenye magari. Tangu mvua za El Nino zilipokatika, magari makubwa ya familia, yale ya viti saba yaliyoletwa kutoka Dubai, yalikuwa yakizima yenyewe barabarani kote pwani ya kusini. Kila lililofunguliwa lilikutwa na pampu ya petroli ya magendo. Wakubwa wa Nairobi walishika lao kwamba ni hujuma ya maadui wa nje. Wakubwa wa Nairobi wakikosa maji bafuni pia husema ni maadui wa nje. Lakini watu walikuwa wanakufa, na kesho familia nzima nzima zingejazana ndani ya magari hayo kwenda Maulidini, wala hapakuwa na mtu anayejua ni magari yapi.

Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Wa tatu alikuwa Mbinya, dada yake Kitheka.

Gari lilimzimikia pale Waa, akiwa katikati ya kulipita lori. Kitheka alikuwa kazini Nairobi. Alipopata habari alifanya kama wafanyavyo Wakamba wenzake wa skimu, yale mashamba waliyogawiwa na serikali: akanunua jeneza zuri, akalifunga juu ya gari, akateremka nalo pwani. Akafika akakuta dada yake kazikwa jana yake alasiri, kwa sanda, kama unavyoagiza Uislamu, dini aliyoingia alipoolewa. Mtu mzima na jeneza tupu, mlangoni pa wafiwa. Hakuna aliyemcheka. Afadhali wangemcheka.

Pampu ya gari lile aliikata mwenyewe. Ndani alikuta chumvi, na mdomoni mwake gamba moja la samaki. Ndipo alipoachana na maadui wa nje akaenda kukaa Shimoni wiki tatu.

Pikapu iliongeza mwendo.

Dereva alikuwa ametazama kioo mara mbili. Ya tatu, akakanyaga mafuta. Kitheka naye akakanyaga. Mashimo yaliyoachwa na mvua yaliipokea Peugeot moja baada ya jingine, na kila shimo akalisikia kwenye meno. Lori la mchanga likaingia katikati. Vumbi. Pikapu ikapotea.

Ti, ti, ti.

Haikupotea sana. Ilipofika Msambweni ilikata kulia, ikashika njia ya mchanga iliyopita katikati ya minazi.

Kitheka alipunguza mwendo. Njia ile aliijua. Mwisho wake palikuwa na geti la kijani, na nyuma ya geti nyumba na gereji, na katika ua ule aliwahi kula pilau siku Mbinya alipoolewa akapewa jina la Sumaiya.

"Kituo, hapa Pweza. Mzigo umefika."

"Kwa nani?"

Kitheka alizima injini.

"Kwa shemeji yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wazee husema hivyo mtu amekwisha kuliwa.

Dereva, jina lake Rai, alikuwa anapeleka mkono chini ya kiti alipoihisi Browning shingoni. Kitheka alimwambia taratibu kwamba hamshauri kufanya hivyo. Akamfunga pingu kwenye usukani, na Rai akayamwaga yote kabla hajaulizwa. Pampu hutoka ng'ambo na kupokelewa baharini. Yeye huwasihi mabaharia wasizitie maji, lakini watafanyaje? Kasha lisilo barafu litamtia shaka kila mtu pale Shimoni. Basi hupanga pampu chini na samaki juu, kisha humwaga barafu iliyochanganywa na chumvi ya mawe ili baridi izidi. Ikiyeyuka, huyeyukia kwenye pampu.

Kitheka akaingia gereji.

Mwinyihaji, mume wa marehemu, alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji ya kisima, akisuuza pampu za mzigo uliopita, moja moja, kwa upole wa mtu anayemwogesha mtoto. Alikuwa amekonda tangu matanga. Aliinua macho, akaiona bastola, asikimbie.

"Karibu, shemeji."

Alikiri magendo bila kusukumwa. Ushuru hakulipa, amekosa, na muuzaji amepanga chumba katika hoteli moja Diani, wakamchukue. Lakini pampu ni nzima, aliapa kwa Mola wake. Majina ya wateja hakuyatoa. Wale ni watu anaosali nao, hawana kosa ila kutafuta nafuu. Hakubali polisi wawagongee milango mkesha wa Maulidi.

"Wamenunua mkononi mwangu," alisema. "Nifunge mimi."

Kitheka alisimama akimtazama. Kulikuwa na neno moja la kumfungua mdomo mtu huyu, naye hakutaka kulisema. Alimpenda. Tangu msiba walikuwa wamebaki wao wawili wa kulitaja jina la marehemu pasipo mtu kubadilisha mazungumzo.

"Gari la Mbinya," alisema mwishowe, "pampu ulitia wewe?"

"Nani mwingine? Nilimchagulia bora kuliko zote. Mke wangu nimtilie mbovu?"

Kitheka aliokota pampu moja iliyokwisha kaushwa juani, akaibana kwenye jiliwa, akaikata kwa msumeno. Ilichukua dakika nzima. Akamkabidhi vipande.

Nyaya zilikuwa zimeshika kutu ya kijani. Chumvi ilikuwa imeganda kila pembe.

"Lakini naziosha," Mwinyihaji alisema. "Injini ya boti, Yamaha, ikizama, tunaiosha kwa maji ya kisima, tunaianika, inakwenda miaka. Kwetu kisiwani Mkwiro tumezaliwa tukifanya hivyo."

"Yamaha inafunguka, shemeji. Hii imezibwa. Maji ya chumvi yakishaingia, hakuna pa kutokea. Wewe umeosha nje tu."

Mwinyihaji alikaa chini, pale pale kwenye oili.

"Watu waliponipa pole niliwaambia ni kudra," alisema. "Nikawaambia Mwenyezi Mungu amempenda."

Kitheka alichutama kando yake, akasubiri.

"Andika," Mwinyihaji alisema.

Akaanza kuwataja. Sufyan wa Gazi, gari la bluu, watoto watano. Mwalimu Kanze, ana mama mzee asiyeweza kutembea. Mwinga wa Ukunda, mapacha. Ishirini na watatu, kwa gari na rangi na idadi ya watoto, bila daftari, na kila jina likimtoka kama mwiba. Kitheka aliyarudia kwenye Motorola moja moja.

Kufikia alasiri magari yote yalikuwa yamezuiwa. La mwisho lilikutwa kwenye foleni ya feri Likoni, limekwisha kuzima. Abiria wote wazima, wamenuna. Muuzaji alitolewa hotelini na taulo kiunoni.

"Kazi nzuri, Pweza," Bi Mwanapili alisema. "Na maadui wa nje?"

"Hawapo."

Land Rover ya polisi ilikuwa inasubiri getini. Mwinyihaji aliomba jambo moja, aruhusiwe kuaga kwanza. Binti yake, Kibibi, alikuwa amerudi kutoka madrasa, yuko ndani anapika.

"Nimwambie nini?"

"Ulivyoniambia mimi: pampu uliitia wewe."

Kitheka akaizima redio. Akawaambia polisi wangoje, kinyume cha kanuni, akasimama njiani akiipa nyumba mgongo. Hakusikia kilio. Alisikia sufuria ikiepuliwa motoni. Mwinyihaji akatoka, akapanda Land Rover mwenyewe, ikaondoka.

Kibibi alitokea baadaye, na mfuko wa nguo. Alikuwa na miaka kumi na minne na uso wa Mbinya mtupu.

"Mjomba, baba amesema nikakae kwa nyanya, huko skimu."

"Ndiyo, mama. Ingia twende."

Hakuingia. Aliizunguka Peugeot polepole, akasimama mbele yake.

"Pampu ya gari hili aliitia nani?"

Kitheka alifungua boneti. Akamwonyesha: ile pale, ubavuni mwa injini, imekuja na gari lenyewe kutoka kiwandani, kabla yeye Kibibi hajazaliwa. Msichana aliinama akaitazama muda mrefu. Kisha akapeleka kidole, akaigusa, akakitia kidole kinywani kuonja kama kina chumvi.

Akapanda kiti cha nyuma. Kitheka akaendesha polepole sana, na njia nzima hakulipita gari lolote.